Rangi Hii Si Yako: Nani Alisema?



Mwezi wa tatu unapokaribia, kila kikundi kinauliza: tununue kikwembe gani kwa tarehe 8? Zamani tulibishana juu ya bei. Sasa kuna ubishi mwingine. Mmoja anasema njano haimfai kwa kuwa yeye ni mweusi. Mwingine anaogopa kwamba maua makubwa yatamnenepesha. Wa tatu ameona kwenye simu ya binti yake kwamba umbo lake ni la pea, tunda ambalo sokoni kwetu halionekani. Mwishowe kuna mama anayejitoa kwenye sare, na siku ya matembezi anabaki nyumbani.

Tuulize kwanza kanuni hizi zimetoka wapi. Mwaka 1980 Mmarekani Carole Jackson alitoa kitabu kiitwacho Color Me Beautiful, kilichoenea sana. Aliwagawa watu kwa majira manne ya mwaka ya kwao, akitazama ngozi, nywele na macho. Wazungu, wenye nywele nyeupe, nyekundu au kahawia, walipata vikapu vinne. Sisi weusi, karibu wote, tuliwekwa katika kikapu kimoja: majira ya baridi. Sisi tunaojua mvua na kiangazi! Kanuni isiyoona tofauti kati ya dada wawili wa nyumba moja haiwezi kuwa hakimu wetu.

Hata hivyo, ndani yake mna punje ya ukweli. Kitambaa kilicho karibu na uso hutupa mwanga wake juu ya ngozi. Jaribuni wenyewe: asubuhi simama mlangoni, mbali na taa, weka kikwembe chini ya kidevu, kisha kingine. Muulize rafiki: umeona kwanza uso wangu au kitambaa? Vivyo hivyo, ua kubwa likiangukia kifuani, macho yataenda kifuani. Kanuni inaweza kukuambia macho ya watu yataenda wapi. Haina ruhusa ya kukuambia ujifiche.

Nyanya zetu wanajua sheria za mavazi. Wakati wa Zaire ya Mobutu wanawake walikatazwa suruali na nywele za bandia, na wanaume wakavaa abacost. Tai ilirudi mwaka 1990. Sheria ile ilitoka kwa serikali. Hii ya leo tunajitungia wenyewe, tena tunawafundisha watoto.

Hapo ndipo penye hatari. Darasani nasikia wasichana wadogo wakiambiana: «Wewe mweusi, usivae nyekundu.» Msichana akiambiwa hivyo mara nyingi, hatafikiri kwamba kitambaa ndicho kibaya. Atafikiri ni ngozi yake. Kutoka hapo hadi kwenye mafuta ya kujichubua njia ni fupi, na mengine yana zebaki, inayoharibu figo. Basi neno tunalolitupa mkutanoni, huku mtoto amekaa pembeni, si neno dogo.

Kwa hiyo ninashauri hivi: kitambaa kimoja, mishono mingi. Kipande kizima ni yadi 6, karibu mita 5 na nusu, nacho hukatwa mara tatu: blauzi, sketi, na kile cha kujifunga au kubebea mtoto. Asiyependa njano karibu na uso amwombe fundi kola ya rangi moja anayoipenda, au afunge kilemba cha rangi nyingine. Asiyetaka ua kifuani aseme kabla mkasi haujaingia, maana fundi anaweza kulipeleka kwenye sketi.

Mwambieni fundi pia aache sentimita 2 au 3 ndani ya mshono. Mwili wa mama hubadilika kwa kuzaa, kunyonyesha na miaka. Nguo inayoweza kupanuliwa huokoa franga. Kabla ya kulipa, inua mikono, keti, inama kama unayemwinua mtoto. Nguo ikikubana hapo, haikufai, hata kama rangi yake inasifiwa na dunia nzima.

Zoezi la juma hili: kila mama amwulize binti yake rangi aipendayo, na asimjibu kwa «lakini». Katika mkutano, chagueni kitambaa kwa bei, ubora na kura ya wote. Kisha mpitieni yule aliyetaka kujitoa. Tarehe 8 tunataka kumwona yeye kati yetu, kwa mshono wowote atakaouchagua.

Tutaonana juma lijalo. Mbaki salama.