KUANDIKISHA JINA LA KURA: WAPI, NA LINI?

Wako watu wanaodhani kwamba kura hupotea usiku wa kuhesabu. Walakini nyingi hupotea miezi mingi kabla ya usiku huo, mezani pa karani wa kuandikisha, kwa kuwa mwenyewe hakufika, au alifika akaandikwa mahali asipoweza kurudi siku ya uchaguzi. Katika Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2022 majina yaliyokuwa katika orodha ya wapiga kura wa Kenya yalikuwa 22,120,458. Waliopiga kura walikuwa kiasi cha 65 katika kila 100. Hao wengine, zaidi ya milioni 7, walikuwa na haki kamili, nao hawakuitumia.

Tarehe ya uchaguzi si siri. Katiba ya 2010 imeagiza kwamba Uchaguzi Mkuu ufanywe Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti katika kila mwaka wa tano. Kwa hiyo baada ya ule wa 2022 unafuata wa tarehe 10 Agosti 2027. Mtu anayengoja kuambiwa kwa tarumbeta anajichelewesha bure.

Anayetaka kuandikishwa sharti awe raia wa Kenya, awe ametimiza miaka 18, na awe na kitambulisho cha taifa au pasipoti ambayo muda wake haujaisha. Karatasi ya kungojea kitambulisho haipokelewi, na hapo ndipo vijana wengi hukwama. Yafaa mzazi mwenye kijana aliyefikia umri huo amhimize kwanza aende kutafuta kitambulisho, maana pasipo hicho safari ya kwenda kwa karani wa kura ni ya bure. Wazee wangali wanakiita kipande, ingawa kipande cha zamani za ukoloni kilikuwa kitu kingine kabisa: mwanamume Mwafrika alikichukua katika kikebe shingoni ili mwajiri atie sahihi ndani yake. Hiki cha leo humpa mwenyewe sauti.

Kuandikisha hakutumwi mtu. Baba hawezi kuwaandikisha wanawe, wala mume mkewe, kwa sababu alama za vidole na picha huchukuliwa papo hapo kwa mashine. Aliyekwisha kuandikishwa katika uchaguzi uliopita hana haja ya kurudia, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Linalompasa ni kuhakikisha kwamba jina lake limo, na kwamba limo mahali panapomfaa.

Hilo la mahali ndilo lenye uzito, nalo halizingatiwi sana. Chukuliwe mfano wa karani aliyeajiriwa Nairobi, ambaye jina lake liliandikwa kijijini kwao Kakamega alipokuwa angali mwanafunzi. Uchaguzi huwa siku ya Jumanne. Basi huwa zimejaa, nauli imepanda, na mwajiri anamtaka kazini Jumatano asubuhi. Kituo kilicho hatua mia kutoka mlango wake hakiwezi kumpokea, maana kila mpiga kura ana kituo chake kimoja, na jina lake haliko hapo. Basi hukaa nyumbani, na jioni hulalamika juu ya viongozi.

Sheria haimlazimishi mtu kuandikishwa alikozaliwa. Karatasi za kura ni sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake wa kaunti, mbunge, na mwakilishi wa wadi. Ile ya rais ni moja nchi nzima. Hizo tano hufuata mahali. Anayekunywa maji ya Nairobi, na watoto wake wakapita njia za matope za Nairobi kwenda shule, huwachagulia watu wa Kakamega wasimamizi wa maji na njia zao, na yake mwenyewe huchaguliwa na wengine. Mwenye shamba na wazee nyumbani, anayerudi huko kila mwezi, ana sababu njema ya kubaki katika orodha ya huko. Lakini sababu na iwe hiyo, isiwe uvivu.

Atakaye kuhamisha jina lake huenda mwenyewe katika ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya eneo la ubunge anakohamia, akiwa na kitambulisho. Sheria yataka afanye hivyo si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa 2027, ni kabla ya katikati ya Mei. Kuandikisha majina mapya husimama siku 60 kabla, na Tume yaweza kutangaza tarehe ya mapema zaidi. Wenye kungoja siku za mwisho na wakumbuke Oktoba 2021: Tume ilitumaini kupata wapiga kura wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja, wakajitokeza kama milioni moja na nusu tu.

Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, na aliyekwisha kuwa katika foleni saa hiyo haruhusiwi kufukuzwa. Mpiga kura achukue hati ile ile aliyoandikishwa nayo. Hutambuliwa kwa kidole, hupewa karatasi zake, akaenda peke yake penye kizuizi. Kila karatasi hutiwa alama moja, katika nafasi ya mtu mmoja, na jina la mpiga kura lisiandikwe popote. Akikosea, asiitumbukize sandukuni, bali amrudishie msimamizi apewe nyingine. Jambo hili si dogo: mwaka 2022 kura 113,614 za rais zilikataliwa, na tofauti baina ya mshindi na aliyemfuata ilikuwa 233,211. Asiyeona au asiyejua kusoma aweza kusaidiwa na mtu anayemwamini.

Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mwenye elimu na mali aliweza kupewa hadi kura tatu, na jirani yake asipewe hata moja. Leo profesa na mchuma chai huingia kwa mlango mmoja na kura moja moja.

Kura huhesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala, na fomu ya matokeo hubandikwa mahali pa wazi hapo kituoni. Kila mwananchi aweza kuisoma, au kuipiga picha kwa simu yake na kuilinganisha na hesabu itakayotangazwa baadaye.