Mtumbwi Huokolewa Nchi Kavu

Rwanda haina bahari, lakini ina pwani ya kulindwa. Kutoka Rubavu hadi Rusizi, kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, wananchi wetu huishi kwa Ziwa Kivu, ambalo kina chake hupita mita 400. Nyakati za usiku mashua za wavuvi wa sambaza, tatu tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, huingia majini na taa zake. Upepo mkali ukivuma ghafla, vyombo hivyo vidogo havina pa kujisitiri ila ghubani na nyuma ya visiwa.

Askari aliyeko Remera aweza kudhani kwamba jambo hili ni la wenzake wa vikosi vya majini peke yao. Sivyo. Barabara ipitayo hapa kuelekea mashariki hufika Rwamagana, na huko ndiko liliko Ziwa Mugesera, baina ya wilaya hiyo na Ngoma. Februari 2024 mashua ya mbao iliyopakia watu zaidi ya 40 ilizama katika ziwa hilo, na zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Mwaka uliotangulia, Julai 2023, watoto 10 walikufa maji katika Mto Nyabarongo, upande wa Muhanga. Tena, askari wa mjini leo ndiye askari wa kivukoni kesho.

Majirani zetu nao wamelia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kabla ya kufika gatini Ukara, Tanzania. Watu 228 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo cha MV Merdi, kilichotoka Minova, kilizama mchana kweupe karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakaangamia. Vyote viwili vilikuwa vimejaa kupita kiasi, na vyote vilizama watu wa nchi kavu wakitazama.

Chombo kilichojaa mno huzama ubavu hadi karibu na usawa wa maji. Wimbi ambalo lingepita chini yake huingia ndani. Abiria kwa hofu hukimbilia upande mmoja, nacho hupinduka. Hapo mwokozi, hata awe hodari namna gani, amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo mahali pa kuokoa ni mwaloni, kabla kamba haijafunguliwa.

Hata hivyo, kuzuia peke yake hakutoshi. Avukaye Mugesera hafanyi hivyo kwa ukaidi, kwani ng'ambo kuna shamba lake au soko lake, na njia ya nchi kavu hulizunguka ziwa. Abiria wa Minova nao walipanda chombo kile wakati vita vilipokuwa vimekata barabara. Mlinzi akifukuza mitumbwi pasipo kuonyesha njia nyingine, safari hazitakoma. Zitahamia njia za panya, penye matete, usiku, bila jaketi wala shahidi. Amri iliyokusudiwa kuokoa itakuwa imemsukuma raia kwenye hatari kubwa zaidi.

Ndiyo sababu twasema kwamba njia ya halali sharti iwe nyepesi kuliko njia ya panya. Askari wa zamu ahesabu vichwa, tena awapange wanaozidi kwa safari ya pili badala ya kuwafukuza. Ubavuni mwa kila chombo upigwe mstari wa rangi uonyeshao mwisho wa shehena. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto. Utabiri wa hali ya hewa usomewe wavuvi kabla jua halijatua. Viongozi wa wilaya watafute mashua imara penye vivuko vinavyotumiwa kila siku. Na mlinzi apokeaye faranga ili afumbe macho ajue kwamba ameuza roho za watu.

Wazee wa pwani husema kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Askari hana ruhusa ya kujificha nyuma ya methali hiyo. Akiwa mwaloni kabla ya safari, usukani wa kwanza umo mkononi mwake.