Moto ndani ya nyumba unataka njia ya moshi

Ni mwezi wa saba, jioni, katika komini ya Ibanda. Jua limekwisha kushuka nyuma ya milima na upepo umegeuka: mchana ulitoka ziwani, sasa unateremka kutoka vilimani kwenda ziwani. Mama amemaliza kupika bugali na sombe. Ndani ya mbabula makaa yangali mekundu, na bei ya gunia la makaa kila mtu anaijua. Anaona ni hasara kuyazima. Anaingiza mbabula chumbani ili watoto walale na joto, anafunga dirisha, anasukuma kitambaa chini ya mlango ili upepo usipenye.

Mama huyo hakutaka mabaya. Alitaka watoto wake wasikohoe usiku. Lakini ni hivyohivyo watu wanavyolala bila kuamka tena, hapa kwetu na penginepo duniani.

Leo tunataka kusema jambo moja, kwa mwenye villa ya Muhumba na kwa mpangaji wa chumba kimoja kule Panzi. Moto ukiingia ndani ya nyumba, lazima moshi wake uwe na njia ya kutoka. Ikiwa njia hiyo haipo, moto ubaki nje. Hakuna njia ya tatu.

Mgeni anayesikia kwamba tuko karibu na ikweta hucheka akiambiwa kwamba Bukavu kuna baridi. Lakini mji wetu uko kwenye kimo cha mita karibu 1500 juu ya bahari, na nyuma yetu mlima Kahuzi unapita mita 3300. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, mawingu yanapungua, na joto la mchana linapaa angani usiku pasipo kitu cha kulizuia. Wakati wa mvua nao una upepo wake, ule unaotikisa mabati na kupitisha baridi katika kila tundu la ukuta wa mbao.

Waliojenga nyumba za zamani za Ibanda, wakati mji huu ukiitwa Costermansville, walilijua jambo hilo. Ndiyo sababu baadhi ya nyumba hizo zina shemine sebuleni, yaani jiko la ukutani lenye dohani inayopanda hadi juu ya paa. Zilijengwa kwa ajili ya wachache, na watu wetu walizijua kama wabebaji wa kuni. Hata hivyo fundi aliyezijenga alikuwa na akili moja ya kuiga: hakuwasha moto chumbani kabla ya kuujengea moshi barabara yake.

Leo dohani kama hizo zimepata mambo mengi. Nyingine imezibwa na saruji wakati wa kubadilisha mabati. Nyingine imejaa viota vya ndege na masizi ya miaka. Mpangaji mpya anaiona shemine, anafurahi, anawasha kuni, kumbe juu hakuna tundu. Na upande mwingine kuna anayejenga nyumba mpya akimwonyesha fundi picha kwenye simu: “Nataka kama hii.” Fundi anajenga uso wa mawe mazuri. Lakini dohani haionekani kwenye picha, kwa hiyo inakuwa bomba jembamba linalotokea ukutani, likiutazama upepo.

Ni lazima tueleze kinachoua, kwa sababu wengi wanafikiri ni moshi unaoonekana. Husema: “Makaa yangu hayana moshi, yamekwisha kuiva.” Hapo ndipo hatari ilipo. Makaa yanayowaka katika hewa kidogo yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Aliye macho anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Aliyelala hasikii kitu.

Kufunika makaa kwa majivu hakuondoi gesi hiyo. Mbabula bora, ile ya udongo inayopunguza matumizi ya makaa, ni kitu kizuri kwa mfuko na kwa misitu yetu, lakini nayo haifai kulala nayo chumbani. Inakula makaa machache. Haigeuzi gesi kuwa hewa safi.

Tena kuna hatari ya pili, ambayo katika mji wetu ni kubwa kama ya kwanza. Familia ikikutwa asubuhi imelala bila uhai, bila kidonda, neno la kwanza linalotoka mtaani linaweza kuwa karuho. Nani aliwapa chakula jana? Nani alikuwa na ugomvi nao juu ya kiwanja? Jirani asiye na kosa anaanza kunyoshewa kidole, na sisi sote tunajua kidole hicho kinaweza kufikisha watu wapi. Kabla ya kutafuta mchawi au mtia sumu, ulizeni kwanza: mbabula ilikuwa wapi usiku?

Na kama mtu bado anapumua, msipoteze wakati kumnywesha maziwa au mafuta ya mawese. Havitoi gesi hii katika damu. Fungueni milango na madirisha, mtoeni nje penye hewa, mpelekeni hospitali yenye oksijeni. Mwambieni muuguzi wazi kwamba kulikuwa na makaa chumbani, kwa sababu asipoambiwa anaweza kufikiri ni malaria.

Sasa tuseme na yule mwenye uwezo wa kujenga shemine. Hatumkatazi. Tunamwomba ajenge kitu kamili.

Kwanza ni urefu. Dohani ipite sehemu ya paa inapotokea kwa karibu mita moja, na ipite kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kuizunguka kwa angalau sentimita 60. Ikiwa fupi kuliko mgongo wa paa, upepo unaoruka paa unaangukia ndani yake na kurudisha moshi sebuleni. Katika Ibanda jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu tunajenga kwenye miteremko: nyumba ya jirani wa juu, ukuta wake wa kuzuia udongo, au miti yake, vyote vinaweza kuumwaga upepo juu ya dohani yako. Fundi apande juu ya paa atazame upande wa kilima kabla ya kuchora. Na juu ya dohani awekwe kofia inayozuia mvua na upepo lakini inayoacha moshi utoke pembeni.

Pili ni upana. Tundu la dohani linapaswa kuwa karibu sehemu moja ya kumi ya mdomo wa shemine. Mdomo wa sentimita 80 kwa 70 una sentimita mraba 5600. Dohani yake haiwezi kuwa bomba la maji machafu. Mdomo mkubwa wenye dohani nyembamba utatoa moshi ndani hata siku isiyo na upepo.

Tatu ni mbao. Boriti za paa zisiguse dohani. Iachwe nafasi ya sentimita tano au zaidi. Mbao inayopashwa moto kila jioni hukauka polepole, na siku moja, miaka baadaye, inashika. Katika mji ambamo nyumba zimebanana hivi, na gari la zimamoto haliwezi kupita kwenye vichochoro vyetu, moto wa nyumba moja si wa nyumba moja.

Nne ni hewa ya kuingia. Shemine inavuta hewa ya chumba na kuipeleka juu. Ukifunga kila tundu kwa sababu ya baridi, itakosa cha kuvuta, na moshi utarudi. Acha tundu dogo karibu na moto. Na kila mwaka, kabla ya mwezi wa sita, dohani isafishwe masizi.

Tunajua jibu la wengi: “Nyinyi mnasema habari za matajiri. Mimi nina chumba kimoja, sina jiko la nje, na mvua inanyesha.” Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linalotuuma. Viwanja vimegawanywa mara tatu, mara nne, na kitu cha kwanza kupotea ni jiko la uani. Kwa hiyo hatumwambii mama huyo anunue shemine. Na hata angeweza, shemine ya wazi haifai kuwa jibu la mji mzima, kwa sababu sehemu kubwa ya joto lake hutoka juu pamoja na moshi. Kuni na makaa yetu yanatoka kwenye miti ya milima hii, na sehemu yake inatoka ndani ya Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoundwa mwaka 1970 na kuwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 1997. Hatuwezi kuchoma mlima mzima ili kupasha hewa ya nje.

Lakini mama huyo anaweza kufanya kitu usiku wa leo bila kuongeza franka moja. Makaa yale yaliyobaki ayaache chini ya upenu, ayawekee sufuria ya maji. Maji yakipata moto bila kuchemka, ayatie katika bidoni ndogo ngumu, aifunge vizuri, aizungushie kitambaa, aiweke miguuni mwa watoto chini ya blanketi. Joto la makaa litaingia chumbani, na gesi itabaki nje. Mbabula isikae karibu na ukuta wa mbao, na kabla ya kulala izimwe kabisa.

Mwenye nyumba ya kupangisha naye ana deni. Anayepokea kodi kila mwezi anaweza kujenga kibanda cha jiko uani, cha mabati machache, kilicho wazi pande mbili, wapangaji wote wakitumie. Anaweza kuweka plafo chini ya mabati, kwa sababu baridi kubwa inashukia hapo. Hiyo ni gharama, lakini ni ndogo kuliko gharama ya jeneza.

Kwa wakuu wa komini na ofisi ya urbanisme tunaomba jambo jepesi. Anapokuja mtu kuomba kibali cha kujenga, aulizwe: moto utawaka wapi, na moshi utatokea wapi? Plani isiyojibu maswali hayo mawili irudishwe. Wauguzi, wachungaji, mapadri, maimamu na wakuu wa avenyu waliseme jambo hili mwezi wa tano, kabla ya baridi, si kwenye matanga mwezi wa nane.

Na kwa wale wanaoongoza mambo ya nishati: watu wa mji huu wanalala na makaa huku bwawa la Ruzizi la kwanza, lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, likiwa mlangoni petu. Gesi ya methani ya Ziwa Kivu inatoa umeme upande wa Rwanda, huko Karongi, tangu karibu mwaka 2016. Ziwa ni lilelile. Umeme ukiwa wa hakika na wa bei ambayo mama wa Panzi anaiweza, mbabula itatoka chumbani yenyewe bila mtu kuhubiri.

Siku hiyo haijafika. Baridi ya usiku huu itafika saa chache zijazo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujafunga mlango wako, angalia mbabula iko wapi. Kisha umgongee jirani, umuulize yake iko wapi.