Lushebere: udongo unaweza kupona, lakini nani atangoja?

Mvua kubwa ikinyesha kwenye milima ya Lushebere, katika Masisi, maji ya mito inageuka kahawia. Ile rangi ni udongo wa mashamba. Unateremuka pamoja na mbolea, na mara zingine pamoja na mbegu ya maharagi yenye ilipandwa juzi tu.

Zamani shamba liliweza kupumzika miaka michache. Leo kipande kile kile kinalimwa kila musimu, mwezi wa tisa na tena mwezi wa pili. Wengi wanachoma majani mbele ya kulima, na mvua inakuta udongo uko uchi. Migomba ilikuwa inashikilia mteremko, lakini ugonjwa wa mnyauko, wenye ulionekana Kongo mara ya kwanza humu humu Masisi mwaka 2001, uliharibu mashamba mengi.

Dawa inajulikana, na haiombe franga nyingi. Majani isichomwe, itandikwe juu ya udongo ili ihifadhi maji. Setaria ao tripsacum ipandwe kwa mistari yenye kukata mlima: maji inapunguza mbio, mbuzi na ng'ombe wanapata chakula, na mbolea yao inarudi shambani. Maharagi ifuatane na mahindi, sababu mizizi yake inarudishia udongo nguvu. Miti kama grevilea na kaliandra inashika mteremko na kuleta kuni.

Basi, kwa nini si kila mtu anafanya hivyo? Shida haiko ujinga. Iko kwenye mapatano ya shamba.

Sehemu kubwa ya udongo wa Masisi ni konsesyo za watu wachache. Mwenye hana shamba anakodi kwa musimu, ao anafanya salongo: siku fulani za juma anatumikia mwenye konsesyo, naye anapewa mahali pa kulima. Mara nyingi anakatazwa kupanda miti, sababu mwenye kupanda mti anaweza kusema kesho kwamba udongo ni wake. Lakini mti unaomba miaka. Nani atatengeneza udongo wa mwingine, kisha ukipona anyang'anywe?

Sheria ya udongo ya mwaka 1973, kwenye kifungu cha 389, iliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za watu wenye kulima udongo wa kimila. Ilipita miaka zaidi ya 40 bila ile amri kutoka. Vita nayo inaongeza mzigo: M23 ilipoingia Masisi-centre mwezi wa kwanza 2025, familia zilikimbia. Mtu anaweza kubeba mtoto na sufuria, hawezi kubeba shamba.

Kwa hiyo, kufundisha peke yake hakutoshe. Mwenye kulima kwa musimu moja anaweza kuanza na yenye kulipa haraka: kuacha kuchoma, kutandika majani, kuchanganya maharagi na mahindi. Mistari ya majani na miti inaomba mapatano ya miaka mitatu ao zaidi, yaandikwe mbele ya chifu na mashahidi, yakisema wazi miti ni ya nani. Mwenye konsesyo naye atafaidika: mupangaji akiondoka, udongo utabaki kwake, si mtoni.