Kifaa cha dukani kina mwenyewe

Nakubaliana na wanaosema kwamba jeshi linalosubiri miaka kumi kununua kifaa limeshapitwa. Ukraine imelionyesha hilo. Droni ya Mavic, ileile wanayorusha wapiga picha wa harusi, ndiyo inayochungulia mahandaki kule Donbas. Adui akivuruga mawimbi ya redio, mafundi wanafunga droni nyingine uzi mwembamba wa faiba unaofunguka nyuma yake kilomita kadhaa, na mawimbi hayahitajiki tena.

Ila kuna jambo zito linalopitiwa juujuu. Aprili 2022 kampuni ya DJI, mtengenezaji wa Mavic, ilisitisha biashara zake Urusi na Ukraine. Septemba mwaka huohuo Elon Musk alikataa kuwasha Starlink, intaneti yake ya setilaiti, karibu na Crimea, Waukraine walipotaka kuzishambulia manowari za Urusi. Mfanyabiashara mmoja, si rais wala jenerali, ndiye aliyeamua! Hilo linanitisha kuliko droni zenyewe.

Basi jeshi linunue vifaa hivyo vya dukani, tena haraka, lakini mkataba useme wazi nani ana haki ya kuzima mtambo, na vijana wafundishwe kuunda vipuri wao wenyewe. Wabunge mnaopitisha bajeti za ulinzi, ulizeni hilo kabla ya bei.