Neno la Mhariri: Kipimo cha Mtu wa Lugha Nyingi

Kila utafiti wa uwililugha hukutana mapema na swali moja: mtu anayetumia lugha mbili au zaidi alinganishwe na nani? Jibu ndilo huamua atapewa mtihani gani, matokeo yake yatasomwaje, na wazazi na walimu watashauriwa nini. Kwa miongo mingi jibu lilikuwa kwamba alinganishwe na mtu wa lugha moja, na madhara yake hayajaisha.

Mwaka 1923, D. J. Saer alichapisha matokeo ya kupima akili za watoto wapatao 1,400 huko Wales. Watoto wa mashambani waliozungumza Kiwelisi na Kiingereza walipata alama za chini kuliko wenzao wa lugha moja. Mjini tofauti hiyo haikuonekana. Tofauti ya shamba na mji ingetosha kuzua shaka, kwa kuwa kipato cha wazazi, hali ya shule na mazoea ya mitihani havikuwa sawa pande zote mbili. Hata hivyo, kilichoenea ni fundisho kwamba lugha mbili humdumaza mtoto. Ilipofika mwaka 1959, W. R. Jones alionyesha, huko huko Wales, kwamba watoto wa familia zenye hali zinazofanana hawatofautiani kwa sababu ya lugha. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka 10 wa shule za Kifaransa jijini Montreal, wakizingatia hali za familia zao, na watoto wa lugha mbili wakawazidi wenzao. Lakini waliochaguliwa ni wale waliozimudu lugha zote mbili karibu sawasawa, na huenda uteuzi huo wenyewe uliwabeba. Saer aliwadunisha watoto kwa namna alivyowalinganisha. Peal na Lambert huenda waliwakweza kwa namna walivyowateua. Mjadala wa leo kuhusu kama lugha mbili huimarisha umakini wa ubongo, ambao Ellen Bialystok wa Toronto aliupa nguvu kubwa, umekwama kwenye tatizo lilelile: majaribio yanayorudiwa kwa watu wengine mara nyingi hayatoi matokeo yale yale.

François Grosjean wa Uswisi alikwenda kwenye mzizi wa jambo. Mwaka 1989 alieleza kwamba mwenye lugha mbili si watu wawili wa lugha moja waliowekwa katika mwili mmoja. Lugha zake hugawana kazi: hii ya nyumbani, ile ya ofisini, nyingine ya ibada. Anayempima kwa lugha moja tu amempima nusu, na kumwita mpungufu kwa sababu ya nusu hiyo ni kumdhulumu.

Afrika Mashariki hoja hiyo ni hali ya kila siku. M. H. Abdulaziz Mkilifi aliieleza mwaka 1972 alipochambua jinsi Watanzania wanavyogawa matumizi kati ya lugha ya jamii, Kiswahili na Kiingereza. Huko Kenya, Carol Myers-Scotton alitoa mfano ambao kila mtafiti wa fani hii angefaa kuujua. Mwenye duka la kijijini magharibi mwa nchi anasalimiana na dada yake kwa Kiidakho, mojawapo ya lahaja za Kiluyia. Salamu zikiisha, kaka anahamia Kiswahili na kumuuliza anahitaji nini. Dada anaendelea kujibu kwa Kiidakho; kaka habanduki kwenye Kiswahili. Kwa lugha ya nyumbani dada anadai haki ya undugu, na kwa Kiswahili kaka anamweleza, bila kulitamka, kwamba dukani yeye ni mteja kama wengine. Hakuna aliyepungukiwa na msamiati hapo. Mtafiti ambaye angehesabu tu maneno ya kila lugha angekosa kabisa kilichotokea kati ya ndugu hao wawili.

Ndiyo maana kazi ya mtafiti katika eneo hili huanza kwa kuandika kwa makini kila mtu anazungumza lugha zipi, na nani, wapi, na tangu umri gani. Kundi la watu wa lugha moja la kulinganishia ni adimu mijini, na si lazima litafutwe. Lugha ya mtafiti mwenyewe nayo huingia katika data: akifungua mahojiano kwa Kiingereza atajibiwa kwa lugha ya wageni na ya ofisi, na mazungumzo ya kibarazani hatayasikia.

Shuleni uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi. Katika shule za serikali za Tanzania, mtoto hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha kidato cha kwanza masomo kama sayansi na jiografia huhamia Kiingereza. Alama ndogo za baiolojia katika mtihani unaotolewa kwa Kiingereza zinaweza kuwa za baiolojia au za Kiingereza, na mtihani wenyewe hauwezi kuzitenganisha. Mtafiti anaweza, kwa kuuliza maswali yale yale kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa kumruhusu mwanafunzi ajibu kwa mchanganyiko wowote anaoutumia anapomweleza mwenzake somo hilo baada ya kipindi.