Kitabu Kisichoulizwa



Vitabu hufa kwa njia mbili. Ya kwanza huonekana na kulaaniwa: hupigwa marufuku, huchomwa moto, na watunzi wake hufungwa. Ya pili haina moshi wala kilio. Kitabu huchapishwa, hukaa rafuni mwaka mmoja au miwili, hapatokei wa kukiulizia, mwenye duka haagizi tena, na mchapishaji naye hakirudii. Baada ya miaka kumi hata jina lake halitajwi. Wiki hii tumechagua vitabu vitano vya hadithi ambavyo, kwa tuonavyo, vimo katika hatari ya kufa kifo hiki cha pili majumbani mwetu, ingawa vinatuhusu kuliko vingi tunavyowanunulia watoto. Kimoja ni cha kihistoria. Vinne vilivyobaki vinawazia yasiyokuwapo: kisiwa kisicho na watu, nchi inayopika kwa jua, chombo kinachoruka angani, na mashua ya mifupa.

Tunajua wapo wazazi watakaouliza: mtoto ana Qur'ani ya kuhifadhi, ana masomo ya shule, hizi ngano zitamfaa nini? Swali hili ni la haki nasi hatulipuuzi. Lakini watu wa Pwani hawakuanza leo kuishi na hadithi. Utendi wa Tambuka, uliojaa vita na mashujaa, ulitungwa Pate, na nakala yake ya kale yenye tarehe ni ya mwaka 1728. Mabibi zetu wamesimulia Alfu Lela Ulela na visa vya Abunuwasi, na hakuna mjukuu aliyedhani kwamba bibi anatoa ushahidi mbele ya kadhi. Mtoto alijua ni hadithi, na ndani ya hadithi hiyo akajifunza hila ni nini, ukarimu ni nini, na tamaa humfikisha mtu wapi. Hata hivyo hatusemi kila riwaya ifunguliwe mlango. Mzazi na aonje kwanza, kama aonjavyo mchuzi kabla ya kupakua. Ndiyo sababu kila kitabu hapa tumekitajia umri na tahadhari yake.

Tuanze na kikongwe chao. Hayy ibn Yaqdhan kiliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 12 na Ibn Tufayl, mwanachuoni wa Andalusia aliyekuwa tabibu wa mtawala wa dola ya Muwahidina, na aliyefariki Marrakesh mwaka 1185. Mtoto mchanga yuko peke yake katika kisiwa. Mwandishi anatoa masimulizi mawili ya jinsi alivyofika huko, na moja litamkumbusha msomaji kisa cha Nabii Musa, alayhi ssalaam: mama anamtia mwanawe sandukuni na kuliachia maji. Paa jike anamnyonyesha na kumlea. Siku paa huyo anapokufa, mtoto anashangaa: macho yapo, masikio yapo, viungo vyote ni vizima, na mama haitikii. Anapasua kifua akitafuta kilichoondoka. Asijue la kuufanya mwili, anamwona kunguru akimfukia mwenziwe ardhini, naye anaiga. Kutoka hapo anagundua moto, anachunguza wanyama, anatazama nyota, na kwa kutafakari anafikia kumjua Muumba mmoja.

Kitabu hiki kilitafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1671, na kwa Kiingereza kutoka Kiarabu mwaka 1708, miaka 11 kabla ya Robinson Crusoe kuchapishwa London. Wapo wataalamu wanaoona athari yake katika riwaya hiyo. Watoto wetu wengi wanamjua Robinson shuleni, na Hayy hawajapata kumsikia. Kisa cha paa na kunguru kinaweza kusimuliwa hata kwa mtoto wa miaka minane. Sehemu za mwisho ni falsafa nzito na tasawwuf, kwa hiyo kijana asizisome kabla ya miaka 16 au 17, na ni vyema awe na mwalimu wa kumuuliza.

Cha pili ni kifupi mno, hadithi ya kumalizika kwa mkao mmoja. Jina lake ni Sultana's Dream, yaani Ndoto ya Sultana, na mwandishi wake ni Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke Mwislamu wa Bengali aliyezaliwa mwaka 1880 katika eneo ambalo leo ni Bangladesh. Nyumbani kwao wasichana hawakufundishwa Kibengali wala Kiingereza. Kaka yake alimsomesha usiku, wakubwa wakiwa wamelala. Mwaka 1905 hadithi yake ilitoka katika gazeti la wanawake la mjini Madras. Sultana anasinzia kitini na kujikuta katika nchi ambako wanaume ndio wakaao ndani na wanawake ndio waendeshao mambo. Wana vyuo vikuu viwili. Kimoja kimetengeneza puto la kuvuta maji kutoka mawinguni, na kingine kimevumbua namna ya kukusanya joto la jua. Majiko yao hayana makaa wala moshi. Adui anapovamia, wanamrudisha nyuma kwa mwanga na joto hilo, wala hakuna mwanamke anayeshika upanga.

Tukumbushe kwamba mwandishi anakejeli. Amegeuza mambo juu chini ili msomaji aone jinsi yalivyo upande wa juu, kwa hiyo asije mtu akaisoma kama fatwa. Jambo la kushika ni kwamba mama huyu hakuishia kuota. Mume wake alifariki mwaka 1909, na mwaka 1911 alifungua Calcutta shule ya wasichana wa Kiislamu ikiwa na wanafunzi wanane. Akaiendesha mpaka alipofariki mwaka 1932. Kwa mama anayepuliza makaa kila alfajiri akikohoa, hadithi iliyowazia jiko la jua zaidi ya miaka 100 iliyopita si mchezo wa kitoto. Inafaa kuanzia miaka 13.

Cha tatu ndicho cha kihistoria, nacho kinatuonyesha kifo cha kwanza cha vitabu. Radwa Ashour, mwandishi na mhadhiri wa Misri aliyefariki mwaka 2014, alitoa sehemu tatu za riwaya yake ya Gharnata katika miaka ya 1994 na 1995. Tarehe 2 Januari 1492 mji wa Gharnata ulikabidhiwa kwa wafalme wa Kikristo kwa mkataba uliowaahidi Waislamu dini yao, misikiti yao na mali zao. Haikupita miaka kumi, watu wakaanza kubatizwa kwa nguvu na vitabu vya Kiarabu vikarundikwa uwanjani na kutiwa moto. Ashour haandiki habari za wafalme. Anaifuata familia ya Abu Jaafar, fundi wa kujalidi vitabu, na wajukuu wake Salima na Hasan. Msomaji anamtazama mzee aliyeshona kurasa maisha yake yote akishuhudia kurasa zikiwaka.

Kilichotugusa zaidi ni mambo ya ndani ya nyumba. Mtoto ana jina la kuitwa mbele za watu na jina la kuitwa chumbani. Vitabu vinafichwa. Mila ndogo ndogo za kuoga, za kuvaa na za harusi zinakuwa ushahidi wa kumpeleka mtu mbele ya mahakama ya kanisa. Wanawake ndio wanaobeba mzigo wa kuamua nini kifundishwe kwa kunong'ona na nini kiachwe kipotee. Masimulizi yanakwenda kizazi baada ya kizazi mpaka amri ya kuwafukuza kabisa, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1609. Sehemu ya kwanza ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2003. Hii ni riwaya ya watu wazima na vijana wakubwa: ina mateso, na ina mambo ya unyumba.

Cha nne ni chetu kwa lugha na kwa ardhi. Katama Mkangi, mwana wa Pwani na mhadhiri wa sosholojia, alitoa Walenisi mwaka 1995. Ni mtu aliyeonja gharama ya kusema, kwani miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini na serikali ya siku hizo. Katika riwaya hii Dzombo anahukumiwa kifo, naye anatiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani ili akaangamie huko. Badala ya kuangamia, anafanikiwa kukiongoza na kutua katika nchi iitwayo Walenisi. Lisome jina hilo polepole: wale ni sisi. Huko anakuta watu wasioishi kwa kunyonyana, na kila anachokiona kinamlazimu kuuliza kwa nini kwao haikuwa hivyo.

Mtu akidai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hadithi ya safari za anga, mpeni kitabu hiki. Anayeshuka katika chombo hicho ana jina la Kimijikenda na anazungumza Kiswahili kilichonyooka. Hatukubaliani na kila jibu analotoa Mkangi kuhusu namna jamii iendeshwe, na msomaji naye atakuwa na lake. Swali lenyewe, la dhuluma na haki, ni swali la kila nyumba. Kinafaa kuanzia miaka 15, nacho huanzisha mjadala mzuri baina ya baba na kijana wake.

Cha tano kimetoka Mombasa yenyewe. Khadija Abdalla Bajaber alichapisha The House of Rust, yaani Nyumba ya Kutu, mwaka 2021. Mswada wake ulikuwa umeshinda tuzo ya Afrika ya shirika la uchapishaji la Graywolf la Marekani, na mwaka 2022 kitabu kikawa cha kwanza kupata tuzo inayoitwa kwa jina la Ursula K. Le Guin. Aisha ni binti wa familia ya Kihadhrami. Baba yake, Ali, ni mvuvi, naye anatoka baharini asirudi. Aisha anamfuata kwa mashua ya mifupa, mwenziwe safarini akiwa paka anayesema, na njiani anakabiliana na majitu ya kilindini. Huenda msomaji wetu akadhani hadithi inakwisha baba anapopatikana. Hapo ndipo mtihani mwingine unapoanza: Hababa, bibi yake, anamtakia mjukuu ndoa na utulivu, na binti aliyekwisha kuiona bahari haijui tena njia ya kutulia.

Tumeona wageni wakikisifu kitabu hiki mbali, ilhali wengi wanaopita kila siku katika vichochoro vilivyomo humo hawajakisikia. Kiingereza chake ni kizito, kimejaa mafumbo na maneno ya Kiswahili na Kiarabu, kwa hiyo kinataka subira. Viumbe wake ni wa kubuni, na mzazi awaeleze wadogo hivyo. Tunakipendekeza kuanzia miaka 14, na zaidi kwa mama na binti kukisoma pamoja, maana mazungumzo ya Hababa na Aisha ni yale ambayo nyumba nyingi huyaahirisha.

Sasa, wapenzi wasomaji, tufanye nini? Kwanza, tuulize. Mwenye duka la vitabu huagiza kinachoulizwa, na mara tatu za kuulizwa kitabu kimoja na watu watatu tofauti humfanya aandike jina lake. Vivyo hivyo katika tawi la Maktaba ya Taifa hapa Mombasa na katika maktaba za shule. Wazazi walio katika kamati za shule wana sauti wasiyoitumia. Pili, tupasiane. Nakala moja ikizunguka nyumba nne imesomwa kuliko nakala nne zilizofungiwa kabatini.

La tatu ndilo tunalolisisitiza. Kati ya vitabu hivi vitano, kimoja tu kiliandikwa kwa Kiswahili. Vingine tusikae kuvingojea vitafsiriwe. Mama anayejua Kiingereza au Kiarabu asome sura moja mchana, na baada ya Isha aisimulie kwa Kiswahili chake, kwa ile ile paukwa na pakawa tuliyolelewa nayo. Na mama asiyesoma lugha hizo anaye binti wa sekondari. Binti asome na asimulie, mama asahihishe Kiswahili. Mtoto atakwama kwenye neno, mama atampa la kwao Lamu au Vanga ambalo shuleni halifundishwi, na hadithi ya Ibn Tufayl itakuwa imefika nyumbani bila ya kungoja mchapishaji.

Salima wa riwaya ya Ashour alisoma kwa kujificha, na Rokeya alisomeshwa gizani. Watoto wetu taa inawaka na mlango uko wazi. Kilichobaki ni mtu mzima wa kuwatajia jina la kitabu.

Mwenye kukijua kitabu kingine kilichosahauliwa, hasa riwaya ya Kiswahili iliyowahi kusomwa nyumbani kwao, atuandikie jina lake na mambo matatu yaliyomvutia. Tutayakusanya katika toleo lijalo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.